Kifimbo Namba Kumi na Nne

Jumatatu, 4 Agosti

Vifimbo vitatu kabla ya saa nne asubuhi. Kerezo la Fundi Bakari linalia kama mbuzi aliyefungwa, lakini mikono yangu haitetemeki. Viwili vya mbao nzuri. Cha tatu ni mguu wa kiti niliouokota kwenye jalala hapa hapa Doornfontein, nacho ndicho kizuri kuliko vyote. Nikishakipaka vanishi nitasema kimetoka msitu wa Ulaya. Nani atanibishia?

Karakana ni ya Fundi Bakari. Yeye anatengeneza vitanda. Mimi nina pembe yangu, meza moja na kiti kisicho na mgongo. Yeye wa Tanga, mimi wa Bukavu. Amenifundisha kukereza, na leo namshinda. Nimemwambia hivyo. Kanitupia msasa usoni.

Kazi yangu watu hawaijui. Kuna vile vitabu vya watoto wachawi, dunia nzima imevisoma. Mimi nimeona filamu zote na nusu ya kitabu cha kwanza. Shule niliiacha darasa la tisa, sasa mnataka nini. Wapenzi wa hivyo vitabu Joburg wako tele, watu wazima na ndevu zao. Wanakutana ukumbini wamevaa majoho. Wanataka vifimbo, fagio za kurukia, joho la kumfanya mtu asionekane. Joho nilishona moja. Mteja akarudi kulalamika kwamba bado anaonekana. Nikageuza kichwa huku na huku nikauliza, nani anaongea? Akacheka, akaondoka nalo. Huyo ndiye mimi, Espoir.

Tatizo moja tu. Vitabuni kila kifimbo kina kitu ndani yake, unywele au unyoya wa mnyama wa ajabu. Hiyo ndiyo nguvu yake. Bila hiyo ni mti wa kukorogea uji. Mimi huwa naweka rasta, yale mabaki ya plastiki yanayofagiwa saluni kwa Tantine. Mwezi uliopita mjuaji mmoja akapasua chake mbele ya watu, akawasha ile "singa ya farasi wa mbinguni." Ikayeyuka. Ikadondoka matone. Harufu ya ndoo inayoungua. Ukumbi mzima ulicheka.

Tangu siku hiyo naitwa Plastiki.

Jumamosi kuna mkutano mwingine. Sitaki kwenda kuitwa Plastiki tena.

Jumanne, 5 Agosti

Mchana nilikuwa saluni, mtaa wa La Rochelle. Tantine Zawadi ni dada yake baba. Ndiye aliyenilea tangu tulipovuka mipaka yote ile, naishi kwake, chumba cha nyuma ya saluni. Ana viti viwili, kioo kimoja kilichopasuka pembeni, na jina. Jina ndilo linalomlisha. Saluni ya pale kwenye robot, taa za barabarani, ina vioo vinne na televisheni, lakini mamas wa kanisani wanaipita, wanakuja kwake.

Sababu ni nywele. Rasta za plastiki hakuna anayezijali, zinafagiwa zinatupwa. Lakini nywele za kichwani, za mtu mwenyewe, kwetu haziachwi hovyo. Anayezipata amekupata wewe mzima. Kwa hiyo kwa Tantine kuna sheria. Nywele zikikatwa, mwenyewe anaondoka nazo, au zinachomwa mbele yake kwenye kopo la maziwa pale nyuma. Mamas wana msemo wao: kwa Zawadi nywele hazilali.

Mchomaji ni mimi. Kiberiti kinakaa juu ya rafu, kopo liko uani.

Leo kaja Mama Neema na binti yake. Neema ana miaka sita, na kila asubuhi akichanwa analia mpaka majirani wanagonga ukuta. Mama yake kachoka, kaamua zikatwe zote. Neema hakulia. Nilimtengenezea ndevu kwa povu, akacheka mpaka Tantine akashindwa kumshika kichwa. Mama Neema husimama mpaka moto uzime. Leo alikuwa na mzigo wake wa vitenge unamsubiri mjini.

"Zawadi, mi nakuaminia," akasema. Akaondoka.

Tantine kazikunja kwenye gazeti, kanipa. Nyeusi, laini, bado zimefungwa uzi wa njano wa sufu.

Nimechoma gazeti.

Gazeti tu. Huu si wizi. Kitu cha kwenda motoni kina mwenyewe gani?

Jumatano, 6 Agosti

Namba kumi na nne imezaliwa. Nakiri mbele ya daftari hili kwamba hakuna mtu Joburg anayeweza kufanya hivi. Ni ule mguu wa kiti. Nimetoboa kwa drili nyembamba kutoka kwenye shina, nimeingiza nywele kwa waya, na uzi wa njano nimeuacha palepale maana umependeza. Gundi, kizibo, msasa, vanishi mara tatu.

Kila kifimbo changu kina kadi ya tabia. Wateja wanapenda. Namba kumi na nne nimeiandikia hivi: *Kikaidi. Hakipendi kushikwa kwa nguvu. Hulia haraka, hunyamaza haraka. Humpenda anayekichekesha.* Ni Neema mtupu. Nimecheka peke yangu.

Kabla ya kuziingiza nimejirekodi kwa simu. Uso wangu, meza yangu, nywele kiganjani, uzi unaonekana. Nikachukua tatu nikaziwasha. Zikajikunja, zikawa majivu, hakuna kilichodondoka. Nikasema kwa Kiingereza changu: leo nani anaitwa Plastiki? Nimeirusha hewani.

Fundi Bakari kainua pua.

"Nywele hizo za kichwa gani?"

"Cha mtoto mmoja wa pale saluni."

Akaweka randa chini. "We Mkongo. Nywele za mtoto wa watu?"

"Za kutupwa, Fundi."

"Za kuchomwa, umenisimulia mwenyewe sheria ya shangazi yako. Za kuchomwa si za kutupwa." Akanitazama kama mbao yenye ufa. "Siku wakija kukuita mchawi, mimi sikujui. Uliingia hapa kuomba maji."

Wazee wa pwani. Wanaogopa kila kitu.

Ijumaa, 8 Agosti

Upepo. Vumbi la Agosti kwenye vanishi. Nimepiga msasa upya vifimbo viwili. Simu inatetemeka tangu asubuhi, watu wanaisambaza ile video. Najipenda sana leo.

Jumamosi, 9 Agosti

Wamekaa kimya nilipoingia! Halafu makofi. Hakuna aliyesema Plastiki hata mmoja.

Namba kumi na nne aliichukua msichana mmoja, Lerato. Anasoma chuo hapa Doornfontein, anavaa kitambaa cha zambarau kichwani. Alishika vifimbo vyote, kimoja kimoja, akavirudisha. Alipofika hiki akasoma kadi, akaisoma tena, akasema kwa Kiingereza, "Huyu ni mimi." Sikubishana. Akanishukuru kwa mikono miwili, kama watu wa hapa wanavyofanya.

Nimerudi nyumbani natembea kama nina joho refu.

Tantine hakuniuliza. Alikuwa kwenye simu na Mama Neema. Neema ana homa tangu jana.

Jumapili, 10 Agosti

Sijisikii vizuri. Niandike haraka.

Baada ya ibada mamas wamekusanyika uani pa kanisa. Mama Neema macho mekundu. Kliniki wamempa mtoto dawa, homa inashuka, inarudi. Mmoja kamuuliza mtoto amefanyiwa nini wiki hii. Amekatwa nywele. Ziko wapi? Wote wakageuka, wakamwangalia Tantine.

Hakukasirika. Akaomba Biblia ya jirani yake, akaweka mkono juu.

"Nywele ya Neema iliunguzwa. Siku ile ile. Kama nasema uongo, hii mikono isisuke tena kichwa cha mutu."

Wameridhika. Mmoja akamkumbatia. Mama Neema akasema, "Unisamehe, Zawadi. Mi ni mama tu."

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka pale. Nimeshika kiti cha plastiki. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilikuwa nayo, ikapita, nikaiangalia ikipita.

Siamini mambo ya nywele. Nimejiambia hivyo njia nzima. Neema ana mafua ya Agosti, nusu ya mtaa inakohoa.

Lakini kaapa kwa mikono yake. Hana kitu kingine.

Nimetafuta namna ya kuifuta ile video. Nimeifuta. Nakala ziko kila mahali.

Jumatatu, 11 Agosti

Imefika.

Saa tano asubuhi. Mama Neema kaingia saluni, hakusalimia. Kijana mmoja wa kwaya ndiye aliyemtumia ile video. Akaweka simu juu ya meza ya mafuta na vitana, akabonyeza. Sauti yangu ikajaa chumba kizima. Nasema, leo nani anaitwa Plastiki. Naona mkono wangu unawasha kiberiti. Tantine alikuwa na kitana mkononi, kwenye kichwa cha mteja.

"Huu uzi," Mama Neema akasema. "Huu uzi nilimufunga mi mwenyewe. Nilikata kwa sweta yangu."

Mteja akainuka. Nusu ya kichwa imesukwa, nusu haijasukwa. Akachukua mkoba wake akatoka hivyo hivyo.

Tantine kaniangalia. Nilingoja kofi. Nilitaka kofi. Hakunigusa.

"Ziko wapi?"

"Ndani ya kifimbo."

"Kifimbo kiko wapi?"

Nikasema nimekitoa kwa mtu. Mtu gani? Msichana. Anakaa wapi? Sijui. Mama Neema akaanza kucheka, kile kicheko ambacho si kicheko.

"Ametia mutoto wangu ndani ya muti. Halafu amemupa muntu asiyemujua."

Nilipolisikia hivyo, kwa maneno yake, hata mimi liliniogopesha.

Ametoa siku. Jumamosi mamas wanakutana hapa saluni kwa maombi ya wiki, kama kawaida. Nywele ziwe zimerudi. Kama hazijarudi atasimama aseme kwamba Zawadi aliapa uongo juu ya Biblia, na kila mama achague mwenyewe pa kupeleka kichwa chake.

Alipotoka, Tantine alichukua kiberiti kwenye rafu. Akakitia mfukoni mwa aproni yake.

Ningependelea angenipiga.

Jumanne, 12 Agosti

Lango la chuo. Wanafunzi wanapita kama siafu. Najua jina moja na kitambaa kimoja cha zambarau. Leo nimehesabu vitambaa vya zambarau saba, vyote si vyenyewe.

Mlinzi ni Mkongo, wa Lubumbashi. Kanifukuza mara mbili kwa Kiingereza, mara ya tatu nikamsalimia kwa Kiswahili. Kanisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atacheka.

"Petit, mdogo wangu," kasema, "mimi nywele zangu nakata mwenyewe, nyumbani, na mlango nimefunga. Simama hapa kivulini. Kesho pia uje."

Saluni haikuingia mtu. Tantine kafagia sakafu safi. Kafagia tena.

Jumatano, 13 Agosti

Homa ya Neema imeshuka. Tangu alfajiri, na haijarudi. Kala wali, kaomba soda. Tantine kaambiwa na jirani, maana Mama Neema hapokei simu yetu.

Na kifimbo bado hakijulikani kiliko! Nilitaka kukimbia mpaka kwa Mama Neema nimwambie: umeona? Mtoto kapona na nywele hazijarudi. Nimepanga hotuba nzima njiani.

Nimemwambia Fundi Bakari kwanza. Kaendelea kupiga randa mpaka mwisho wa ubao.

"Nenda kamwambie," akasema. "Ukimaliza, mwambie na shangazi yako kwamba alivyoapa vile si kitu, maana mtoto anakula wali."

Sikwenda.

Badala yake nimefanya jambo gumu kuliko kupasua mninga. Nimejirekodi tena. Sikutania. Nimesema namba kumi na nne ina nywele za mtoto wa miaka sita, nilizichukua bila ruhusa, nilitakiwa kuzichoma. Nimesema farasi wa mbinguni hayupo. Nimesema vingine vyote ni plastiki. Nimemwomba Lerato, mwenye kitambaa cha zambarau, aje karakana kabla ya Jumamosi.

Simu inatetemeka. Siisomi.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimeisoma. Nisingeisoma.

Mchafu. Mwizi. Mchawi wa kweli kajileta. Mmoja kaandika tu: arudi kuwa Plastiki, ilikuwa afadhali. Huyo angalau anachekesha.

Nusu wanadhani ni mchezo, sehemu ya hadithi. Wananiuliza sura ya pili lini.

Lango la chuo, nimesimama kwa muda wa saa sita. Mlinzi kanipa nusu ya mkate wake. Hakuna Lerato.

Nimepata wazo. Nirudi karakana, nikate nywele zangu mwenyewe, nizifunge uzi wa njano, nipasue kifimbo kingine mbele yao Jumamosi. Nani atajua? Mguu wa pili wa kile kiti bado ninao, niliokota miwili. Uzi wa njano unauzwa Fordsburg. Nimepanda teksi mpaka Fordsburg. Nimesimama mbele ya duka la nyuzi, nimeushika ule uzi, rangi ile ile kabisa.

Nimeurudisha.

Si kwamba mimi mtu mwema. Nimemwona kichwani mwangu Tantine akiweka tena mkono juu ya Biblia, kwa ajili ya uongo wangu. Safari hii angeapa akijua. Angeniangalia usoni, angejua.

Ijumaa, 15 Agosti

Kaja.

Saa nane mchana. Kasimama mlangoni pa karakana, kitambaa cha zambarau, kisanduku kifuani. Fundi Bakari kamwona kabla yangu. Kazima kerezo, kaenda kunywa chai nje, yule mzee ambaye hajawahi kuzima kerezo kwa ajili ya mtu.

Kaniuliza kwa Kiingereza, "Ni kweli?"

Nikasema kweli.

"Anaitwaje?"

"Neema."

Kafungua kisanduku, kasoma kadi kwa sauti, taratibu, ile ya kikaidi, ya kulia haraka. Nikamwambia huyo ndiye Neema. Nilidhani atakitupa chini.

"Unajua bibi yangu kule Limpopo anafanya nini na nywele zetu?" kasema. "Anazichoma. Hata zile za kwenye kitana. Hata za kwenye mto. Nimelala na hiki kifimbo chini ya mto wangu juma zima, kwa sababu ya mitihani. Juma zima nimelalia nywele za mtoto wa mtu." Sauti ikapanda. "Bibi angekupiga, wewe. Na mimi angenipiga."

Nikasema samahani. Neno dogo sana, lilikaa mdomoni kama kokoto.

Nikanyoosha mkono nikipokee. Akakirudisha kifuani.

"Hapana. Nitakileta mwenyewe. Nataka kuona kinafunguliwa na nani na zinakwenda wapi. Wewe siwezi kukuachia."

Nimempa anwani.

Usiku huu sijui kama atakuja. Tantine nimemwambia. Kasema, "Tutaona," kaendelea kukunja taulo.

Jumamosi, 16 Agosti

Mikono imechoka, naandika polepole.

Walikuwa kumi na watano, wamebanana saluni, wengine wamekaa juu ya ndoo zilizogeuzwa. Wimbo mmoja, maombi. Mama Neema kwenye kiti cha pili. Neema mapajani mwake, kichwa kimenyolewa vizuri, ananichungulia. Lerato alikuwa bado hajafika. Saa tisa na robo. Saa tisa na nusu. Mama Neema akasimama.

Tantine akasimama kabla hajafungua mdomo.

"Mi ndo nitasema. Niliapa kwa kitu nilikuwa sijaona. Niliapa iliunguzwa, na haikuunguzwa. Huyu ndo wa kuunguza, mi nilikuwa ndani na kichwa cha mutu." Kanionyesha kwa kidevu. "Mikono yake ni mikono yangu. Mi ndo nilimupa kiberiti. Kama mutaenda kwingine, muende kwa sababu yangu, musiseme ni mutoto."

Nilingoja aseme mimi ni mtoto wa kaka yake tu, aliyeokotwa, mwenye kichwa kibovu. Nilikuwa tayari kwa hilo. Kwa hili la mikono yake sikuwa tayari.

Nikasimama. Nikasema yote. Gazeti lililochomwa tupu. Nywele mfukoni. Drili. Zile tatu nilizowasha ili nisiitwe jina. Nilipofika pale mama mmoja akasema, "Yesu wangu," akafunika macho. Nikaendelea. Nikasema Jumapili nilikuwa nimesimama pale uani, nikanyamaza.

Mlango ukafunguliwa. Zambarau.

Lerato hakuelewa Kiswahili hata kidogo na hakuhitaji. Alipita katikati ya wale mamas wote, akapiga goti mbele ya Mama Neema, akampa kisanduku kwa mikono miwili. Mama Neema akamwangalia muda mrefu. Akamwambia "Thank you, my child," kwa Kiingereza chake cha sokoni, halafu akanipa mimi kisanduku kama mtu anayetoa taka.

"Pasua."

Uani. Wote wametoka. Patasi na nyundo nilikuwa nimezibeba kutoka kwa Fundi Bakari. Nilikiweka juu ya jiwe. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, daftari hili lijue. Pigo moja, kikafunguka katikati, kwa mstari wa mbao. Nywele zikaonekana, zimelala kwenye mfereji wao, na uzi wa njano.

Nikajaribu kuzitoa. Gundi imezishika. Nusu zikaja, nusu zikabaki kwenye mti. Nikakwangua kwa patasi, zikakatika. Jasho. Mama Neema anahesabu kila mkwaruzo.

"Wacha," akasema. "Uunguze na muti."

Tantine akatoa kiberiti kwenye aproni. Nikanyoosha mkono. Hakunipa. Akatia vipande vya kifimbo kwenye kopo, akawasha njiti mwenyewe. Vanishi ikashika kwa kishindo, moto wa bluu, halafu ile harufu. Hakuna aliyeondoka. Neema akauliza kama ile ni nywele yake. Mama yake akasema ndiyo. Neema akasema, "Inanuka," akaziba pua, na mama mmoja akacheka bila kutaka.

Tulisimama mpaka moto ukazima. Mama Neema akachungulia ndani ya kopo, akakoroga majivu kwa kijiti, akaridhika. Akambeba mwanawe akaondoka. Hakumuaga Tantine. Mimi hakuniona kabisa, kama vile nimevaa lile joho.

Watano walibaki kumalizia maombi. Kumi waliondoka.

Jumatatu, 18 Agosti

Hakuna mteja.

Fundi Bakari kanipa vitanda viwili nipige msasa. Kasema, "Ulikuja kuomba maji, umekaa." Nadhani ni utani. Nadhani ni upole.

Jumatano, 27 Agosti

Wateja watatu wiki nzima. Mmoja ni mmojawapo wa wale watano. Wawili ni wageni, hawajui habari. Tantine kawaambia habari yote kabla hawajakaa. Mmoja kaondoka.

Lerato alipita karakana. Nimemkerezea kifimbo kipya, mguu wa pili wa kile kiti. Aliuliza kuna nini ndani. Nikasema hamna kitu, mbao mpaka mwisho. Akataka iandikwe kwenye kadi. Nimeandika: *Ndani hamna kitu.* Kakipenda. Wapenzi wa vitabu wale hawaniiti tena Plastiki. Sasa naitwa Nywele. Nimelistahili hili.

Kiberiti bado kiko kwenye aproni.

Jumanne, 9 Septemba

Joto limeanza. Mlango wa saluni uko wazi.

Mama Neema kaja. Peke yake. Kasalimia, kakaa kiti cha kwanza, kafungua kitambaa. Tantine amemfumua, amemwosha, amempunguza ncha. Walizungumza bei ya vitenge na mvua ambayo bado. Mimi nilikuwa natengeneza mguu wa kiti cha pili, unayumba.

Tantine akafagia, akakunja nywele kwenye gazeti, akatafuta mfuko wa nailoni ili Mama Neema aondoke nazo. Mama Neema akatikisa kichwa.

"Aunguze yeye. Mi nasimama pale."

Tantine akatia mkono kwenye aproni. Akanipa kiberiti bila kuniangalia.

Uani tulikuwa wawili. Nikafungua gazeti ili azione. Nikazitia kwenye kopo. Nikawasha. Unywele mmoja ulishika kwenye ukingo wa kopo.

"Ule," akasema.

Nikausukuma ndani kwa kidole. Umeniunguza kidogo.

Tukasimama mpaka majivu yakapoa. Akayakoroga, akaondoka.

Nikarudi ndani. Nikamnyooshea Tantine kiberiti chake. Alikuwa anaosha vitana, mgongo kwangu.

"Weka pale kinakaaka," akasema.

Nikakiweka juu ya rafu.